Mlango wa Soko Unapofungwa: Vikwazo vya Biashara na Funzo la Sangara wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa darasa la tafsiri habari moja fupi kuhusu biashara ya nchi za Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na istilahi ambayo karibu wote waliitafsiri kuwa "vikwazo visivyo vya ushuru". Tafsiri ilikuwa sahihi. Lakini mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama ushuru umeondolewa, ni kitu gani tena kinachomzuia mtu kuuza?" Darasa lilinyamaza. Nami nakiri kwamba jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Makala hii inakusudia kumjibu vizuri zaidi.

Nimechagua kueleza jambo hili kwa kutumia nchi yetu ya Uganda na samaki wake. Sababu ya kwanza ni kwamba kisa cha sangara na soko la Ulaya, kati ya mwaka 1997 na 2000, kinaonyesha wazi namna mlango wa soko unavyoweza kufungwa bila ushuru kupandishwa hata kwa senti moja. Sababu ya pili ni kwamba kisa chenyewe kilinigusa, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Vikwazo vya biashara ni nini?

Kwa maelezo mepesi, kikwazo cha biashara ni jambo lolote linalowekwa na serikali, au linaloachwa na serikali liendelee, ambalo linafanya bidhaa ya nchi moja iingie nchi nyingine kwa shida au kwa gharama zaidi. Tunaweza kuvigawa vikwazo hivyo katika mafungu manne.

Kwanza ni ushuru wa forodha. Huu ndio unaojulikana na watu wengi. Mwenye mzigo hulipa kiasi fulani mpakani, na bei ya bidhaa yake hupanda kwa kiasi hicho.

Pili ni mgawo. Hapa nchi inayonunua husema itapokea tani kadhaa tu, na zaidi ya hapo haipokei, au inapokea kwa ushuru mkubwa.

Tatu ni ruzuku. Nchi tajiri huwasaidia wakulima wake kwa fedha za serikali, nao huweza kuuza kwa bei ya chini ambayo mkulima wetu hawezi kushindana nayo. Hakuna aliyezuiwa mpakani, lakini mshindi amekwisha kupatikana kabla ya mbio kuanza. Wakulima wa pamba wa Afrika Magharibi wamelilalamikia jambo hili mbele ya Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 2003.

Nne ni viwango na masharti: afya, usafi, vipimo, vyeti, vifungashio, na siku hizi utunzaji wa mazingira. Mengi ya masharti haya yana nia njema. Hakuna anayetaka kula chakula chenye sumu. Hata hivyo, sharti hugeuka kikwazo pale ambapo muuzaji hana chombo cha kuthibitisha kwamba amelitimiza. Fungu hili la nne ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu.

Kwa nini nchi yenye bidhaa chache huumia zaidi?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika biashara, nchi inayotegemea zao moja na mnunuzi mmoja iko karibu na hali hiyo.

Tuchukue mfano wa kahawa. Katika miaka ya 1980 kahawa peke yake iliiletea Uganda zaidi ya asilimia 90 ya mapato yote ya kuuza bidhaa nje. Wakati huo nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa kiasi ambacho kila nchi ingeuza. Mgawo huo ulikuwa kizuizi, lakini pia ulishikilia bei isianguke. Mwezi Julai 1989 mfumo huo wa mgawo ulivunjika. Bei ya kahawa duniani ilishuka karibu nusu kwa muda mfupi. Mkulima wa Masaka au Bugisu hakuwa amefanya kosa lolote. Mibuni ilikuwa ile ile na mikono ilikuwa ile ile, ila uamuzi ulifanyika mbali naye.

Zaidi ya hayo, nchi yetu haina bandari ya bahari. Mzigo wetu mwingi hupita Mombasa, na mwingine Dar es Salaam. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilitukumbusha hivyo. Mapema mwaka 2008 reli iling'olewa pale Kibera, malori yakakwama, na petroli ikaadimika Kampala, Kigali na hata mashariki ya Kongo. Hakukuwa na sheria iliyozuia biashara, lakini biashara ilisimama.

Nchi yenye bidhaa nyingi na wanunuzi wengi ikifungiwa mlango mmoja huenda kugonga mwingine. Nchi yenye mlango mmoja hukaa nje ikisubiri.

Kisa cha sangara

Sangara, ambaye kwetu huitwa mputa na Wajaluo humwita mbuta, si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliongezeka akala samaki wengi wa asili, lakini pia akaleta biashara ambayo haikuwahi kuonekana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilijengwa Kampala, Jinja na Entebbe, kama ilivyokuwa Kisumu na Mwanza. Minofu ilikwenda Ulaya kwa ndege ikiwa mibichi au kwa meli ikiwa imegandishwa. Mifupa iliyobaki, ambayo Wakenya huiita mgongo wazi na watu wa Mwanza mapanki, ililiwa na wananchi. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1990 samaki walikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa tulizouza nje baada ya kahawa.

Ndipo milango ilipoanza kufungwa, na ilifungwa mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1997, wakati Hispania na Italia zilipozuia samaki wa ziwa letu baada ya bakteria wa salmonela kugunduliwa katika baadhi ya shehena.

Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Kipindupindu kilizuka Afrika Mashariki, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzuia chakula kutoka nchi zenye kipindupindu si njia ifaayo ya kuuzuia ugonjwa huo, na kila mpishi anajua kwamba samaki aliyepikwa vizuri hana vijidudu hivyo. Hata hivyo marufuku iliendelea hadi katikati ya mwaka 1998.

Mara ya tatu ndiyo iliyoumiza kuliko zote. Mapema mwaka 1999 zilienea habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga dawa ya kuulia wadudu majini ili samaki wafe na kuelea. Mwezi Machi serikali ya Uganda yenyewe ilisimamisha kupeleka samaki Ulaya, na muda mfupi baadaye Umoja wa Ulaya ukatangaza marufuku.

Mwaka huo mimi nilikuwa kidato cha tatu. Karo yangu ililipwa na mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa na mitumbwi miwili na nyavu zake katika mwalo mmoja upande wa Busoga. Mjomba hakuwahi kutumia sumu, na alikuwa akiwachukia waliofanya hivyo kwa sababu walimharibia ziwa. Lakini lori la barafu la kiwandani lililozoea kuja kila siku halikuja tena. Sangara wakubwa waliuzwa kwa bei ya kutupa, wengine wakakaushwa kwa moshi, wengine wakaoza. Muhula ule nilikaa nyumbani. Nilimsaidia mjomba kushona nyavu, na nakumbuka tangazo lililobandikwa kwenye banda la mizani. Lilikuwa la Kiingereza, ukurasa mzima, na chini yake lilikuwa na mhuri. Wavuvi walilizunguka. Mzee mmoja aliniita, "Mwanangu, wewe ndiye msomi, tuambie limesema nini." Nililisoma, nikaelewa maneno mengi, lakini sikuelewa "mabaki ya sumu" wala "mamlaka husika" vinaitwaje kwa lugha ambayo wangeielewa. Niliwaambia tu kwamba Wazungu hawataki samaki. Jibu lile halikuwa la kweli.

Nini hasa kilichotakiwa?

Ukweli wenyewe nilikuja kuusoma baadaye. Umoja wa Ulaya ulitaka mambo ambayo yanaweza kuelezwa kwa sentensi chache.

Ulitaka kuwe na mamlaka husika moja, yaani ofisi moja ya serikali yenye madaraka ya kukagua samaki na kuwajibika. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa imegawanyika kati ya ofisi mbalimbali, na mgeni akiuliza nani mwenye neno la mwisho, hapakuwa na jibu moja. Idara ya uvuvi ilipewa jukumu hilo.

Ulitaka kuwe na vipimo vya maabara. Kusema samaki wetu ni safi hakukutosha. Ilibidi pawe na karatasi inayoonyesha kwamba minofu imepimwa na haina mabaki ya sumu. Mwanzoni hatukuwa na maabara iliyokubalika kwa kazi hiyo, na sampuli zilibidi kupelekwa Ulaya kupimwa.

Ulitaka pia ufuatiliaji wa chanzo, yaani uwezo wa kusema shehena hii imetoka mwalo gani na imepita mikono ya nani. Na mialo yenyewe ilitakiwa iwe na sakafu safi, maji, vyoo na barafu.

Kazi hiyo ilifanyika. Viwanda vilikarabatiwa, wakaguzi wakafundishwa, baadhi ya mialo ikajengwa upya. Kufikia mwaka 2000 samaki wa Uganda walikuwa wamerudi Ulaya, na mwaka 2005 mapato ya samaki yalizidi dola milioni 140.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Samaki waliorudi sokoni hawakuwa wasafi kuliko wale aliovua mjomba. Walikuwa sangara wale wale wa ziwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa nchi iliweza kuthibitisha. Kwa hiyo kikwazo kilichotufunga kilikuwa na sehemu mbili: sharti la mnunuzi, na upungufu wetu wa ushahidi. Sehemu ya kwanza hatuiwezi peke yetu. Sehemu ya pili iko mikononi mwetu.

Ni haki kuongeza kwamba soko likifunguka halimalizi matatizo. Baada ya mwaka 2005 samaki walipungua kwa sababu ya uvuvi wa kupita kiasi na kuvuliwa kwa sangara wachanga, na viwanda vingine vikafungwa kwa kukosa samaki wa kuchakata. Kikwazo hicho hakikutoka Ulaya.

Zawadi yenye masharti

Msomaji anaweza kuuliza, je, ushuru umekwisha kabisa? Kwa nchi maskini, kwa kiasi kikubwa umepunguzwa. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umeziruhusu nchi zenye maendeleo duni kabisa, Uganda ikiwemo, kuingiza bidhaa zote bila ushuru wala mgawo, isipokuwa silaha. Kwa kawaida kahawa mbichi huingia Ulaya bila ushuru, na iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5. Uganda haitozwi hata hiyo asilimia 7.5. Pamoja na hayo, kahawa yetu nyingi bado husafirishwa ikiwa mbichi kwenye magunia. Hii inaonyesha kwamba kuondoa ushuru peke yake hakuleti kiwanda.

Marekani nayo ilipitisha mwaka 2000 sheria ya kuziruhusu nchi nyingi za Afrika kuuza kwake bila ushuru. Lakini nafasi ya namna hiyo ni zawadi, na mwenye zawadi huweza kuichukua. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ikitaka kulinda viwanda vyake vya nguo, Marekani ilisimamisha nafuu ya nguo za Rwanda mwezi Julai 2018. Kenya, Tanzania na Uganda, ambazo zilikuwa zimekubaliana na Rwanda juu ya mitumba, zilikwisha kurudi nyuma. Uganda yenyewe iliondolewa katika mpango huo kuanzia Januari 1, 2024, Marekani ikitaja suala la haki za binadamu. Tusikubaliane au tukubaliane na sababu hizo, funzo ni moja: asiye na masoko mengine hana sauti ya kubishana.

Jirani naye hufunga mlango

Tusidhani kwamba vikwazo hutoka ng'ambo tu. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010, na bidhaa zinazozalishwa ndani ya jumuiya hazipaswi kutozwa ushuru. Hata hivyo, mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti. Mpaka wa Gatuna kati yetu na Rwanda ulifungwa kwa mizigo mwezi Februari 2019 kwa ugomvi wa kisiasa, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu wafanyabiashara wa Kabale walitazama maduka yao yakifungwa.

Katika suala la mahindi tuseme kweli. Sumukuvu ni sumu halisi inayotokana na ukungu, na mahindi yanayoanikwa chini kwenye udongo huipata kwa urahisi. Ni hadithi ya sangara iliyorudi kwa sura nyingine. Mkulima mwenye turubai la kuanikia na ghala kavu anaweza kupita. Asiye navyo hurudishwa, na hana cheti cha kubishania.

Kahawa inafuata

Sasa zamu ni ya kahawa, ambayo katika mwaka wa fedha 2024/25 iliiletea Uganda zaidi ya dola bilioni 2. Sehemu kubwa ya kahawa hiyo huenda Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Bidhaa zenyewe ni kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Anayeingiza kahawa atatakiwa kuonyesha mahali hasa shamba lilipo kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji ulikuwa uanze Desemba 2024, ukaahirishwa hadi Desemba 2025, kisha ukaahirishwa tena hadi Desemba 2026.

Shamba la kahawa la Mganda wa kawaida ni dogo, mara nyingi chini ya hekta moja, na mibuni imechanganyika na migomba. Huenda mkulima huyo hajakata mti hata mmoja wa msitu. Lakini kama hakuandikishwa, kahawa yake itahesabiwa kuwa haijulikani ilikotoka. Kuahirishwa kwa sheria si kufutwa kwake. Ni muda tuliopewa wa kufanya kile ambacho mwaka 1999 tulikifanya baada ya mlango kufungwa.

Lugha ina nafasi gani?

Pengine msomaji atashangaa mwalimu wa Kiswahili anahusikaje na haya yote. Anahusika. Afisa anapofika kijijini na kifaa cha kupimia shamba, na mkulima akadhani anapimiwa ardhi ili anyang'anywe, shamba hilo halitaandikishwa. Mkulima aliyeelezwa kwa lugha yake hulionyesha shamba mwenyewe. Katika mialo ya Ziwa Viktoria husikika Kiganda, Kisoga, Kisamia na Kijaluo, na watu wa makabila mbalimbali, pamoja na wafanyabiashara kutoka Kenya na Kongo, huelewana kwa Kiswahili. Vivyo hivyo madereva wa malori pale Malaba na Busia. Lakini fomu na masharti mengi bado huwafikia kwa Kiingereza.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo utakuwa na maana pale mvuvi atakaposoma tangazo la mwaloni bila kumtafuta mtoto wa shule. Istilahi tunazo: ushuru wa forodha, mgawo, ruzuku, marufuku, cheti cha asili ya bidhaa, mamlaka husika, mabaki ya sumu, ufuatiliaji wa chanzo. Kazi iliyobaki ni kuzitoa kwenye kamusi na kuzipeleka mialoni, maghalani na mipakani, zikiambatana na maelezo mafupi kama yale anayoyatoa mama sokoni anapomfundisha binti yake kuchagua samaki mbichi.

Ndiyo maana mwaka huu wanafunzi wa tafsiri hawatapewa tena habari za magazeti peke yake. Kila kundi litachukua waraka mmoja wa masharti ya biashara, ama wa samaki, ama wa mahindi, ama wa kahawa, na kuuandika upya kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Kisha kundi litamsomea mtu anayeifanya kazi hiyo na kumwomba aeleze alivyoelewa. Asipoelewa, kosa litahesabiwa kuwa la mfasiri.

Hitimisho

Kwa kumalizia, namrudia mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma. Ushuru ukiondolewa, kinachobaki ni masharti, vipimo, vyeti, njia ya kufika sokoni, na hiari ya mwenye soko. Nchi inayoishi kwa kuuza nje inahitaji bidhaa nyingi na wanunuzi wengi ili isitikiswe na mmoja. Inahitaji pia maabara, wakaguzi waaminifu na kumbukumbu zilizokamilika, ili anapoulizwa swali iwe na jibu mkononi. Na inahitaji kuwaeleza wavuvi na wakulima wake kinachotakiwa, mapema, kwa maneno wanayoyajua.

Mjomba aliuza mtumbwi mmoja mwishoni mwa mwaka 1999, nami nikarudi shuleni mwaka uliofuata, nikiwa nyuma ya wenzangu kwa darasa moja. Hadi alipofariki aliamini kwamba Wazungu walichoka tu kula samaki wetu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.